Keki ya Makaburi

Juzi nilikuwa nachambua maharagwe kwenye ungo simu ilipolia, na mwanamume nisiyemjua akajitambulisha kuwa ni mpwa wa Dorcas. Mama Dorcas ametutoka, alisema, na familia imekaa ikaonelea kwamba kwa kuwa nililala naye chumba kimoja kule Doha, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa akinitaja mara kwa mara, basi niseme maneno machache kabla ya mwili kushushwa. Nikampa pole. Nikamwambia Mungu awatie nguvu. Kuhusu maneno nikamwambia sina. Akauliza kwa adabu kama tulikuwa tumekosana na shangazi yake. Nikasema hapana, mimi na Dorcas hatukuwahi kurushiana neno hata siku moja, na huo ni ukweli mtupu. Maneno ninayo, tena tele, ila si ya kusemwa mbele ya jeneza huku watoto wa shule wakisubiri zamu yao ya kuimba. Nayaweka hapa. Anayeona kwamba marehemu hasemwi na afunge ukurasa huu, maana nimeishi vya kutosha kujua kwamba kufa si kutubu.

Mwaka wenyewe ni 2013, tulipokuwa tukiishi Fereej Bin Mahmoud, orofa ya pili, juu ya duka dogo la Mhindi ambalo kila mtu aliliita baqala. Chumba kimoja, vitanda vitatu, mapazia ya maua yakitugawa, na jiko la pamoja mwisho wa ukumbi ambalo tulilitumia na Wafilipino wa chumba cha pili. Kitanda cha dirishani, chini ya kiyoyozi, kilikuwa cha Dorcas, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kazi yake ilikuwa kumtunza ajuza mmoja kule Al Sadd, kumwogesha, kumgeuza kitandani, kumlisha uji; lakini Ijumaa, ambayo huko Doha ndiyo Jumapili yetu, alifunga kilemba chake cha zambarau akawa mama wa akina mama katika fellowship ya Wakenya, na hata mchungaji alipunguza sauti alipomsemesha. Kitanda cha katikati kilikuwa cha Nakato, Mganda, Mwislamu, mlinzi wa mlangoni kwenye duka kubwa, mwenye ulimi mkali na buti zilizonuka mpaka tukamwekea sheria zilale nje. Mimi nilikuwa karibu na mlango. Jioni tulikula ugali kwa sukuma wiki na laban ya baridi, yale maziwa yao ya mgando tuliyoyapokea kama mala ya nyumbani, na tuliongea mpaka mmoja wetu akasinzia na kijiko mkononi. Nasema haya yote kwa sababu sitaki mtu adhani nilimchukia Dorcas tangu mwanzo. Nilimpenda, na hapo ndipo penye uchungu.

Na kulikuwa na Elijah. Elijah alikuwa dereva wa familia moja, akiimba sauti ya chini kwenye kwaya yetu, mwanamume mpole anayepiga pasi hata soksi. Agosti alinitaka, nikakubali, tukapanga harusi ya Desemba. Sasa, wazazi wetu wote wako mbali, na kwetu mwanamke haondoki tu kama kifurushi; lazima kuwe na mtu wa kumtoa. Huko ugenini tulikuwa tumejitengenezea desturi yetu: asiye na mama anaazimwa mama. Wanaume wawili wa fellowship walisimama kama baba zake Elijah, na Dorcas akakubali kuwa mama yangu, akae mkekani, apokee wakwe, anisemee. Mchungaji Barasa alikuwa ametangaza wazi kwamba bila wazazi wa namna hiyo hafungishi ndoa ya mtu, asije akalaumiwa na watu wa nyumbani. Kwa hiyo ndoa yangu yote ilikuwa imekalia neno la Dorcas. Wala sikuogopa. Ningeogopa nini, na ndiye aliyenifundisha njia zote za basi la kwenda Muaither?

Muaither ndiko nilikokuwa nikipika, katika nyumba ya Madam Helen, Mskoti mrefu aliyekuwa haketi. Binti yake, Katie, alikuwa na miaka tisa na ugonjwa wa sukari, ile ya kujidunga sindano kabla ya kila mlo. Mashine yake ndogo ya kupimia damu ilikaa kando ya birika kama chombo kingine chochote cha jikoni. Mtoto yule hakuwa analia. Afadhali angelia. Alikuwa akiuliza tu, "Fena, hii naruhusiwa?" akinionyesha ndizi, mkate, chochote, na mimi mtu mzima mwenye jina kamili la Truphena nikawa nasimama pale nikihesabu vijiko kichwani. Siku moja mwanzoni mwa Oktoba nilikuwa nafuta sahani, nikawasikia Madam na mumewe wakizungumza mezani. Ilikuwa habari ya Halloween, sikukuu yao ya mwisho wa mwezi huo, ambapo watoto huvaa kama mizuka, wakabisha hodi nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Mume alisema mtoto aende na ndoo yake kama wenzake. Madam akamjibu kwamba mwaka uliopita alikwenda, akarudi na ndoo imejaa, na wao wenyewe wakamnyang'anya ndoo mlangoni. Mume akasema ni jioni moja tu. "Kwako ni jioni moja," Madam akasema, "kwake ni kila siku." Asubuhi yake Madam alinijia jikoni na pakiti ya unga wa lozi, kakao, na mfuko mdogo wa unga mweupe wenye utamu lakini si sukari. Alitaka keki ya chokoleti isiyo na sukari wala ngano, ambayo Katie angeila mbele ya wenzake bila kumuuliza mtu. Tena iwe siri. Kwa hiyo nisiijaribu pale kwake, niijaribu kwangu.

Keki ya kwanza ilibonyea katikati kama godoro la bweni. Unga wa lozi hauna nguvu ya kujiinua, ni kama kupika na mchanga wenye mafuta. Ya pili iliinuka kidogo, lakini ule utamu wa bandia ukaacha ubaridi kinywani, na Nakato alipoionja akatikisa kichwa. "Nyabo," akaniambia, kama Waganda wamwitavyo mwanamke kwa heshima, "hii ni keki ama ni dawa ya meno?" Wiki iliyofuata nikatenga ute wa mayai nikaupiga mpaka mkono ukafa ganzi, nikaweka laban badala ya maji, na kijiko cha kahawa kali ili kakao ipate sauti. Hiyo ikatoka nyeusi, laini, imesimama. Dorcas alikuwa ameketi kwenye stuli ya jikoni muda wote huo akiimba chini chini. Yeye pia alikuwa na sukari, ya ukubwani, na kwa miaka mingi alikuwa hajatia keki kinywani. Kwenye harusi zetu zote ndiye aliyegawa, akizunguka na sinia, akisema kula mwanangu, kula, na sahani yake ikibaki na matango. Nikamkatia kipande. Akajidunga kidole kwanza, akaweka namba kichwani, akafumba macho akaiombea ile keki na mikono iliyoipika, akala polepole. Baadaye, tulipokuwa tumeshaosha vyombo, akajidunga tena. Namba ilikuwa karibu ile ile. Akakaa pale na mashine mkononi, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Fena mwanangu," akasema, "unajua nimeshika sahani za watu kwa muda gani?"

Nikamshika bega. Akajifuta kwa khanga yake, akacheka. "Basi keki ya harusi yako iwe hii hii. Sitaki kuwa mama wa bibi arusi anayetafuna tango." Toka hapo kila siku yangu ya mapumziko nilikuta sufuria ya kuokea imeshapakwa siagi, imewekwa mezani kimya kimya. Sikudai anibembeleze. Niliipika kwa furaha, na ukiniuliza furaha ya mwaka ule ilikuwa wapi, ilikuwa hapo, kwenye lile jiko la mafuta mafuta, na mwanamke mzima akilamba kijiko kama mtoto.

Halloween ikaangukia Alhamisi. Madam alitaka keki ifanane na makaburi, maana ndivyo wafanyavyo: chokoleti iliyosagwa juu kama udongo, na biskuti za lozi zilizosimamishwa kama mawe ya makaburini, kila jiwe na jina la mtoto, ili kila mmoja apate lake. Kwetu kaburi si mchezo, na jina la aliye hai haliwekwi hapo hata kwa mzaha. Nikamwambia Katie hivyo, kwa Kiingereza changu cha jikoni. Akanitazama na kalamu yake ya chokoleti nyeupe mkononi. "Lakini ni biskuti," akasema. "Nami naruhusiwa kuzila." Kisha akauliza watu wa nyumbani kwangu ni nani, kwa sababu hakutaka niende mikono mitupu wakati kila mtu ana yake. Nikamtajia. Akaandika kwa uangalifu, ulimi nje: Dorcas. Nakato. Elijah. Fena. Akazipanga safu ya mbele. Watu wengi wameniambia tangu siku ile kwamba hapo ndipo nilipopaswa kumkataza. Sikumkataza, na hata leo nisingemkataza. Mtoto aliyenyimwa vitamu maisha yake yote alikuwa anawagawia watu asiowajua. Jua lilipozama watoto walikuja wamejipaka unga usoni, Katie akasimama mbele ya keki yake, akakata, akala, na hakumuuliza mtu kama anaruhusiwa. Madam alipiga picha kabla haijakatwa. Nilimwona akiipiga, nikadhani ni ya ukumbusho.

Nilirudi Fereej Bin Mahmoud adhana ya isha imeshapita kitambo, na kipande kikubwa cha keki kwenye mkebe, na biskuti zimefungwa kwenye karatasi ya fedha. Nakato alikuwa akipiga pasi shati lake la kazini. Nikawaeleza kila kitu, sherehe, watoto, makaburi, nani aliyeandika na kwa nini. Nakato akaigeuza yake huku na huku. "Kwa hiyo nimezikwa na bado wananidai zamu ya kesho," akasema, akaila yote mara moja. Dorcas alivaa miwani yake. Akasoma jina lake, halafu akacheka mpaka kitanda kikalia. "Wala hawajakosea herufi hata moja," akasema. Akaanza kulila jiwe lake kutoka juu kushuka chini, akilamba makombo kwenye kiganja. "Sasa nimekula kaburi langu. Mauti yatanipata wapi?" Akaniuliza kama na biskuti haina sukari. Nikamwambia haina. Akaniambia mkono wangu umebarikiwa. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu kesho yake, kabla ya saa sita mchana, yalikuwa hayajawahi kusemwa.

Ile picha Madam alikuwa ameiweka Facebook na kulibandika jina langu, akinishukuru. Alikuwa na nia njema, maskini. Asubuhi ya Ijumaa, Milka, dada mmoja wa fellowship aliyenifuata humo mtandaoni, alikuwa ameshaiona, na kabla hatujamaliza nyimbo za kusifu simu yake ilikuwa imepita viti vyote, kutoka mkono hadi mkono. Niliona watu wakigeuka kunitazama, nikafikiri labda nguo yangu imechanika. Ibada ilipokwisha Mchungaji Barasa akawaomba wazee wachache, Dorcas, Elijah, Milka na mimi tubaki. Akaiweka simu mezani, picha ikiwa juu.

"Truphena, hiki ni nini?"

"Ni keki, Mchungaji."

"Na hizi ni nini?"

"Biskuti."

"Zina umbo gani?"

Akasoma majina, moja baada ya jingine, kama anaita mahudhurio. Nikaeleza. Nikaeleza habari za Katie, sindano, ndoo ya peremende. Nikasema jina langu pia limo, sasa nimejiloga mwenyewe? Mzee mmoja akajibu kwamba mchawi hodari hujitia humo ili asishukiwe. Milka akaongezea, macho yake chini, kwamba kila wiki nilikuwa nikimpa Mama Dorcas kitu cha unga usiojulikana, chenye utamu usio sukari, na kwamba sikukuu yenyewe kila mtu anajua ni ya mashetani. Mchungaji akamgeukia Dorcas. Hapo nikashusha pumzi, nikaegemea kiti, maana swali lilikuwa limefika kwa mwenye jibu.

"Mama, wewe ulikuwa unajua habari hizi?"

Dorcas akakiweka sawa kilemba chake. "Mimi niliambiwa ni keki ya wagonjwa wa sukari," akasema. "Ya makaburi sikuambiwa."

"Na uliila?"

Nilimwona akiangalia akina mama waliokuwa wamejazana dirishani nje, wale aliowafunga vilemba na kuwaombea, wote wakingoja. "Nililishwa," akasema.

Kwetu mtu akisema amelishwa hana haja ya kuongeza lolote. Kila aliyemo chumbani anajua ameshtakiwa nani na kwa kosa gani. Nilisema, "Mama Dorcas, si jana tu ulicheka?" Akageuza uso dirishani. Nilitoka nje, nikampigia Nakato, naye akaja moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake na buti zake, akasimama mlangoni. "Mimi nilikuwepo," akasema. "Aliambiwa kila kitu. Alicheka, akala, akamwambia Fena mkono wake umebarikiwa." Mzee yule akamwambia taratibu kwamba haya ni mambo ya waumini. "Kwani mimi naamini mawe?" Nakato akauliza. Kisha Dorcas akasema, kwa ile sauti yake ya kufunga maombi, kwamba ameniachia Mungu, ila hawezi kusimama kama mama wa mtu aliyemwandikia kaburi. Basi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga mayai.

Elijah alinirudisha kwa gari la tajiri wake. Tulipofika chini ya nyumba hakuzima injini. "Fena, mimi najua hujafanya kitu," akasema.

"Basi rudi ukawaambie."

"Nikisema hivyo, nimemwita Mama Dorcas mwongo mbele ya watu. Tena nani atasimama na sisi? Na wazee wangu nyumbani wakisikia jina langu lilikuwa kwenye kaburi, nitawaambia nini?"

"Waambie mtoto mgonjwa aliliandika kwa sababu alitaka ule keki."

Aliangalia usukani. "Tungoje kwanza maneno yatulie," akasema. Nikangoja. Maneno yalitulia sana, yakatulia mpaka akaacha kupokea simu. Mwaka uliofuata alioa huko huko kwenye fellowship, na niliambiwa kwamba Mama Dorcas ndiye aliyesimama kama mama wa bibi arusi, akagawa keki kwa sinia.

Nimekuwa na miaka mingi ya kumtafutia sababu. Siku sita kwa juma alikuwa mikono tu, ya kumgeuza mgonjwa wa watu, akiitwa kwa kengele. Ijumaa alikuwa mtu. Angesema ukweli siku ile, akina mama wale wa dirishani wangemwona mwanamke aliyelila kaburi lake kwa kicheko kwa sababu ya uroho wa keki, na ile Ijumaa yake ingekwisha. Alikuwa na kitu kimoja, mimi nilikuwa na kimoja, akachagua chake. Naelewa vizuri sana. Watu husema ukimwelewa mtu utamsamehe, na mimi nawaambia hao hawajawahi kuuzwa na mtu waliyempikia. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi nilidhani mama wa kuazimwa ni mzaliwa pia.

Jioni ya Ijumaa ile ile nilikuwa jikoni namenya viazi ambavyo sikuwa na nia ya kuvila. Nakato alikuwa amerudi kazini, Wafilipino wametoka. Mlango ukafunguka, Dorcas akaingia, kichwa wazi, bila kilemba, akaufunga nyuma yake. Nikaweka kisu chini. Nilifikiri, sasa atasema. Nilikuwa tayari kwa pole ya aina yoyote, hata ya uongo, hata ya kunong'ona, na nadhani ningeipokea.

"Fena," akasema, akiangalia friji. "Ile keki ya jana, ilibaki?"

Nilimtazama usoni nikitafuta aibu, nikakuta hamu tu. Nikafungua friji, nikautoa mkebe, nikamkatia. Alikula akiwa amesimama, mgongo wake umeegemea mlango mtu asije akaingia, akaokota hata makombo kwa ncha ya kidole. Kisha akakaa kwenye stuli yake tukangoja, mimi na yeye, kama tulivyokuwa tukingoja kila wiki. Akatoa mashine mfukoni, akajidunga, akaisogeza kwenye mwanga, akanigeuzia nione.

"Haijapanda," akasema. "Unaona? Haijapanda."

"Ndiyo, Mama," nikamwambia. "Nimeona."